Jinsi ya kuyasoma mawe ya kanisa la zamani la pwani: mfano wa Mbweni, Unguja

Kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, ukishapita Kilimani na Mazizini, unafika Mbweni. Mwaka 1871 Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile UMCA wanayoitaja wazee, ilipata shamba hapo, na muda si mrefu shamba likawa kijiji cha watu waliotolewa utumwani. Kanisa lao, la Mtakatifu Yohana, liliwekwa wakfu mwaka 1882, mwaka aliofariki Edward Steere, askofu wa misheni hiyo. Lipo hadi leo, na mnara wake na makaburi yake.

Wageni wengi hulipiga picha wakaondoka. Ukuta hawausogelei. Lakini ukuta ule ni bahari ya kale iliyogeuka jiwe, ikachimbwa, ikachongwa na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na jiwe la aina hiyohiyo. Anayejua kuusoma huona kwa pamoja ardhi ya kisiwa, kazi ya waashi na maradhi ya jengo. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya wazee wa kanisa, walimu, wanafunzi na mafundi wanaoishi karibu na majengo ya namna hii, Mbweni na kwingineko pwani. Wao ndio wanaoyaona kila wiki, na mara nyingi ndio wanaoulizwa mwisho ukarabati unapoamuliwa. Tena kazi ina haraka: kila lipu mpya ya saruji hufunika mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika.

Kabla ya kugusa ukuta

Anza kwa padri na wazee wa kanisa. Waeleze unachotaka kufanya, waambie hutachimba wala hutagonga kwa nyundo, na uwaahidi nakala ya kazi yako. Kanisa ni nyumba ya ibada, na makaburi yana wenyewe. Siku ya Jumapili na siku ya mazishi kazi hii haifanyiki. Majengo ya kale yana sheria zake pia. Tanzania Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Zanzibar ina sheria yake ya kuhifadhi kumbukumbu za kale tangu mwaka 1948, na Kenya ipo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo usibandue jiwe, hata dogo, bila kibali. Nyundo iache nyumbani.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 ndicho kifaa cha lazima. Bila hiyo utabaki kukisia. Beba futi ya mkanda, rula fupi ya kuweka pembeni ya kila picha, daftari la karatasi za mraba, penseli (wino hulowana), tochi, brashi laini kavu, msumari mmoja wa chuma, chupa ndogo ya siki au ndimu chache, na bahasha ndogo za karatasi za kuwekea vipande vilivyokwisha kuanguka vyenyewe. Simu yenye kamera inatosha kwa picha.

Hatua ya 1: Jua unachosimama juu yake

Ukuta wa kijiji husomwa kuanzia chini ya miguu, kwa sababu jiwe ni zito na waashi wa zamani hawakulileta kutoka mbali bila sababu. Wakulima wa Unguja wana majina ya ardhi yao, na majina hayo ni jiolojia kamili. Kinongo ni udongo mwekundu wenye kina, unaopendwa na mikarafuu na minazi upande wa magharibi. Kinamo ni ule mzito wa mfinyanzi unaonata. Uwanda na maweni ni ardhi ya mashariki na kusini ambako udongo ni mwembamba na jiwe limejitokeza juu. Muulize mkulima yeyote wa jirani na kanisa shamba lake ni la aina gani, kisha andika jibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jiwe hilo la maweni ni miamba ya matumbawe ya zamani. Sehemu kubwa ya lile unaloliona kando ya bahari, Unguja na pwani ya Kenya vilevile, ilijengwa baharini miaka kama 125,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto na maji ya bahari yalikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Matumbawe yalikua, makombe na kauri wakaishi na kufa humo, mchanga ukajaza mianya. Kisha barafu ikajikusanya kwenye ncha za dunia na bahari ikashuka. Miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa mita kama 120, na mkondo kati ya Unguja na Bara, ambao kina chake ni mita makumi machache tu, ulikuwa nchi kavu. Matumbawe yakabaki juu, yakinyeshewa.

Mvua hiyo ndiyo iliyotengeneza jiwe la kujengea. Tumbawe likiwa hai, mifupa yake ni madini ya aragonaiti, mepesi na yenye matundu wazi. Maji ya mvua yanayopita ndani yake kwa maelfu ya miaka huyeyusha sehemu moja na kuigandisha upya sehemu nyingine kama kalsaiti, iliyo imara zaidi. Matundu mengine huzibwa, mengine hupanuka hadi kuwa mapango. Ndiyo maana mwamba wa Unguja una sehemu ngumu kama chuma karibu na mashimo makubwa, na ndiyo maana fundi mzuri huchagua, hachukui tu.

Ukipata nafasi, shuka ufukweni wakati wa maji kupwa kabla ya kulitazama kanisa. Tafuta mahali ambapo mwamba umesimama wima na mawimbi yameula kwa chini. Huo ni ukuta ambao haukujengwa na mtu, na mawe ya kanisa yako yametoka katika mwamba wa namna hiyo. Kisiwa cha Chumbe, ng'ambo ya maji kidogo kutoka upande huu, kimetengenezwa chote kwa mwamba huu. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, na katika jiwe lake yamebaki makombe makubwa ya kale, mapana kuliko viganja viwili, yakiwa bado yamekaa kama yalivyokuwa yakiishi. Ukiyaona mara moja hutashindwa kuyatambua tena kwenye ukuta.

Somo hili usilihamishe kichwakichwa kwenda kila mahali. Malindi, Bagamoyo na Kilwa mambo yanafanana na Unguja, lakini ukipanda kutoka Mombasa kwenda Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni mwaka 1846, ndani ya mwendo mfupi unavuka nchi kadhaa za kijiolojia. Unauacha mwamba wa matumbawe ufukweni, unapita mawe ya tope lililogandamana ya enzi ya Jura, unakutana na jiwe la chokaa la Kambe, ambalo nalo ni bahari lakini ya miaka zaidi ya milioni 150 iliyopita, kisha unaingia kwenye mawe ya mchanga ya Mazeras, ambayo Wakenya wengi wanayajua kwa kuwa yametandikwa kwenye nyua na vijia vyao. Kanisa la huko linahitaji orodha yake yenyewe ya mawe, na kipimo cha ndimu nitakachokieleza hapa chini kitakusaidia kuyatenganisha.

Hatua ya 2: Zunguka, chora, usiguse

Zunguka jengo lote kwa nje mara ya kwanza bila kuandika kitu. Mara ya pili chora kila upande kwenye ukurasa wake: ukuta wa kaskazini, wa kusini, mnara, sehemu ya altare. Mchoro usio mzuri unatosha, mradi vipimo vimo. Weka alama mahali ambapo lipu imebanduka, maana hayo ndiyo madirisha yako ya kuonea mawe. Kanisa lililopakwa lipu na chokaa vizuri halitakuonyesha mengi, na hilo si baya. Lipu ni nguo ya ukuta na usiibandue ili upate cha kusoma.

Mbweni wana bahati. Karibu na kanisa yapo magofu ya Shule ya Mtakatifu Maria, shule ya wasichana waliokombolewa ambayo Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia 1877 hadi 1902. Gofu halina lipu ya kutosha kuficha mambo. Jifunzie hapo kwanza, kwa kibali cha wenye eneo, ukae nalo asubuhi nzima, halafu ndipo urudi kanisani ukiwa na macho yaliyozoea.

Saa ya kufanya kazi ina maana kubwa. Jua la mchana huufanya ukuta uonekane bapa. Asubuhi mapema au alasiri, mwanga unapopita kwa ubavu, kila alama ya patasi, kila kiungo cha lipu na kila kiraka hujitokeza chenyewe. Kwa ukuta usiofikiwa na jua tumia tochi, uishike karibu kabisa na uso wa ukuta, umulike kwa ubavu.

Hatua ya 3: Tambua mawe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe. Kwenye jengo la pwani la karne ya 19 tarajia aina mbili kuu za jiwe, ambazo watu wengi huziita matumbawe zote kwa pamoja.

La kwanza ni mwamba wenyewe, jiwe la maweni. Ni zito, rangi yake ni kijivu kwa nje na nyeupe au ya maziwa likivunjika, uso wake umejaa matundu makubwa na madogo yasiyo na mpango. Ndani yake utaona vipande vya matumbawe ya aina mbalimbali, makombe, kauri na mchanga ulioshikana. Halichongeki vizuri, kwa hiyo liliwekwa likiwa na umbo lake, na mwashi akajaza mianya kwa vijiwe na chokaa. Mwili wa kuta nyingi ni hili.

La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi, mara nyingi la jamii ya Porites. Likitolewa majini huwa laini, mtu hulichonga kwa shoka na tezo, kisha hukauka na kukaza. Ni jepesi kwa mkono kuliko linavyoonekana. Kwa karne nyingi waashi wa pwani walilitumia palipohitaji ncha iliyonyooka au nakshi: miimo ya milango, matao, vibla vya misikiti. Ukilikuta kanisani, litafute sehemu hizohizo.

Ili kuyatenganisha, chukua kipande kilichoanguka chini ya ukuta na ukisafishe kwa brashi kavu. Kishike kwenye mwanga wa ubavuni, weka lenzi karibu na jicho, kisha sogeza jiwe mpaka lionekane safi. Kama uso wote umejaa vitundu vidogo vinavyolingana, vya milimita 1 hadi 1.5, vimebanana bila nafasi kati yao, unaangalia Porites. Angalia kitundu kimoja kwa makini: ndani yake kuna kuta nyembamba zinazotoka ukingoni kuelekea katikati. Kila kitundu kilikuwa makazi ya mnyama mmoja, na kuta hizo ndizo zilizomshika. Kipande kikivunjika kwa urefu, mara nyingine utaona mistari iliyofifia inayopishana, mweupe na wa kijivu. Porites hukua karibu sentimita 1 kwa mwaka, na mistari hiyo ni miaka yake. Bonge la nusu mita lililokaa juu ya mlango lilichukua miongo mingi kukua kabla ya fundi kuligusa.

Vitundu vikiwa vikubwa, vya milimita 5 au zaidi, vyenye kuta zinazoshirikiana kama sega la nyuki, hiyo ni jamii nyingine ya matumbawe ya mabonge, na utaikuta sana ndani ya mwamba. Ukiona vijiti vya mviringo vilivyokatwa, kila kimoja na unene wa kidole au penseli, vimezungukwa na mchanga mweupe, hayo ni matumbawe ya matawi yaliyovunjwa na mawimbi. Mchanganyiko wa vijiti na makombe huonyesha kwamba jiwe lilitoka mahali pa mawimbi makali au penye vifusi vya mwamba, wala si katikati ya bonge moja lililokua kwa utulivu. Andika unachokiona, usiandike jina peke yake. "Vitundu milimita 1, jepesi, limechongwa pande tatu" ni maelezo yatakayomsaidia mtaalamu hata kama jina ulilolidhania si lenyewe.

Sasa kipimo cha ndimu. Weka punje ya jiwe lililoanguka juu ya sahani, udondoshee siki au maji ya ndimu, na uangalie kwa lenzi. Jiwe la chokaa hutoa povu dogo la hewa ya ukaa. Jiwe la mchanga wa kwatzi, yale madini magumu yanayong'aa mchangani, halitoi kitu. Povu likitokea kidogo tu kati ya punje, ni gundi ya chokaa iliyoshikilia mchanga. Usidondoshee tindikali yoyote ukutani, hata ndimu, maana inakula jiwe. Kipimo cha pili ni ugumu: kalsaiti hukwaruzwa na msumari kwa urahisi, lakini kwatzi huukwaruza msumari. Hiki nacho kifanye kwenye kipande kilicholegea tu.

Zaidi ya aina hizo mbili utakuta wageni. Tofali jekundu la kuchoma, marumaru nyeupe, vigae vya sakafu, mawe meusi laini ya kuandikia majina. Kila mgeni apewe mstari wake: yuko wapi, ana ukubwa gani, amekaa vipi. Unguja ilikuwa bandari ya dunia nzima katika karne ya 19 na meli zilileta mengi, kwa hiyo usishangae, lakini pia usikimbilie kutaja jiwe limetoka nchi gani kwa kulitazama tu.

Hatua ya 4: Jiwe gani limewekwa wapi, na kwa nini

Ukishajua aina, rudi kwenye mchoro wako na upake kila aina rangi yake. Mpango utaanza kuonekana. Pembe za jengo na miimo ya milango na madirisha huwa na mawe yaliyochaguliwa na kuchongwa, kwa sababu pembe ikilegea ukuta wote unafunguka. Katikati ni mawe ya mwamba ya kila ukubwa. Pima unene wa ukuta kwenye dirisha. Nusu mita na zaidi ni jambo la kawaida, kwa kuwa mawe yasiyo na umbo yanahitaji upana ili yashikane.

Tafuta mistari ya ulalo inayojirudia. Ukuta wa mawe na chokaa haukupandishwa kwa siku moja: waashi walijenga kiasi, wakasawazisha kwa vijiwe na tabaka la chokaa, wakasubiri ushike, ndipo wakaendelea. Pima kutoka mstari hadi mstari. Tafuta pia matundu ya mraba au ya mviringo yaliyopangwa kwa usawa, ambako nguzo za kiunzi, jukwaa la kusimamia waashi, ziliingizwa. Yaliyozibwa vizuri huonekana kama viraka vidogo chini ya mwanga wa ubavu.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Ni ule uliojenga miji ya kale ya Kilwa na Gedi karne nyingi kabla ya misheni yoyote, na kwa heshima yote kwa maaskofu, mimi naona jambo hili halisemwi vya kutosha makanisa ya misheni yanapoelezwa. Madirisha na mpango wa jengo ni wa Kiingereza, lakini jiwe na chokaa ni vya pwani, na ujuzi wa kuvifanya vishikane ni wa pwani.

Paa ndilo mahali kanisa linapoachana na nyumba ya pwani. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana unaozidi sana mita 3. Kanisa linataka ukumbi mpana. Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye kanisa kuu lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, Steere alilitatua hilo kwa paa la tao lililomiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Kwenye kanisa lako angalia mzigo wa paa unashukia wapi, halafu angalia kama ukuta wa mahali hapo umenenepeshwa au una mawe bora zaidi. Karibu kila mara utakuta jibu.

Hatua ya 5: Isome chokaa

Chokaa inayounganisha mawe ni jiwe pia, jiwe lililopitia motoni. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya kuni kwenye tanuu, vikachomwa kwa joto la kama nyuzi 900, hewa ya ukaa ikatoka. Kilichobaki kilizimwa kwa maji, kikachanganywa na mchanga, na mara nyingi na udongo mwekundu. Baada ya kujengewa, chokaa huanza kuivuta tena hewa ya ukaa ile iliyoipoteza, ikirudi polepole kuwa jiwe, kutoka nje kwenda ndani, kwa miezi na miaka.

Chukua bonge la chokaa lililoanguka, livunje kwa vidole, lisogeze kwenye lenzi. Tafuta vitu vitano. Chembe nyeusi ni mkaa wa tanuu, na hizo ziweke kwenye bahasha yake, kwa kuwa mtaalamu anaweza kuzitumia kujua aina ya kuni zilizochomwa. Madoa meupe laini kama unga ni chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri. Mchanga mweupe wenye vipande vya makombe umetoka ufukweni. Mchanga unaong'aa wenye punje za kwatzi umetoka kwingine. Rangi ya waridi au ya kahawia ni udongo mwekundu. Vitu hivyo vikibadilika kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, huenda umeona mpaka wa awamu mbili za ujenzi, hata kama mawe ni yaleyale.

Saruji hutambulikana kwa rangi yake ya kijivu na kwa kukataa ukucha na mara nyingi hata msumari. Wengi wakiiona huandika "ukarabati wa juzi". Subiri. Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na UMCA wenyewe waliitumia Mkunazini katika miaka ya 1870. Kwa jengo la 1882, saruji inaweza kuwa ya siku ya kwanza. Kinachoamua ni mahali ilipo: je, iko ndani kabisa ya kiungo kati ya mawe, chini ya tabaka za zamani za chokaa, au imepakwa juu ya jiwe lililokwisha kulika?

Hatua ya 6: Tafuta maji na chumvi

Jengo la matumbawe haliuawi na umri, linauawa na maji yaliyokosa njia ya kutoka. Unyevu hupanda kutoka ardhini kupitia matundu ya jiwe, ukibeba chumvi. Maji yakikauka karibu na uso, chumvi inabaki kama fuwele, fuwele zinakua na kusukuma, na jiwe linachambuka kuwa unga. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua: maji hutoka na lipu huharibika kwanza, na lipu ni rahisi kuirudisha. Ukipakwa saruji, maji yanafungiwa ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na kinachooza sasa ni jiwe lenyewe nyuma ya uso unaoonekana mzima. Gonga polepole kwa kifundo cha kidole kwenye lipu ya saruji: sauti ya utupu inamaanisha imeshaachana na ukuta.

Pima urefu wa mstari wa unyevu kutoka chini, kila mita 2 kuzunguka jengo, na urudie baada ya masika na mwisho wa kiangazi. Andika mahali penye unga mweupe, mwani wa kijani, mitini iliyoota kwenye nyufa, na mahali ambapo maji ya paa yanamwagikia. Kwa ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake juu ya lipu, na tarehe pembeni, ukiwa umeruhusiwa. Ufa uliolala miaka mingi si sawa na ufa unaotembea.

Hatua ya 7: Yatumie makaburi kama saa

Uwanja wa makaburi una kitu ambacho ukuta hauna: mawe yenye tarehe. Jiwe la marumaru lililowekwa mwaka unaojulikana, herufi zake zikiwa zimejazwa madini ya risasi, hukuonyesha marumaru imelika kiasi gani, kwa sababu risasi hubaki pale ilipokuwa na jiwe linashuka kuizunguka. Pitisha kidole taratibu: herufi zikiwa zimeinuka juu ya uso, pima kimo chake kwa rula, andika na mwaka. Linganisha kaburi lililo chini ya mti na lililo juani. Usisugue jiwe, usimwagie maji wala sabuni, na usipake chaki ili maandishi yasomeke. Mwanga wa ubavu unatosha.

Hatua ya 8: Andika, gawa nakala

Kila jiwe au kundi la mawe uliloliangalia lipewe namba, upande wa jengo, urefu kutoka ardhini, aina, ukubwa, alama za chombo, hali yake na namba ya picha. Andika pia jina la kila mzee au fundi aliyekueleza jambo, kama amekubali kuandikwa, na maneno yake kama alivyoyasema. Fundi aliyewahi kuchoma chokaa kwenye tanuu anajua mambo ambayo lenzi haionyeshi, mtafute mapema.

Nakala moja ibaki kanisani, moja iende kwa idara ya mambo ya kale, moja shule ya karibu. Bahasha za vipande ziwe na namba zinazolingana na daftari, zikae pakavu. Na kama tayari ukarabati unapangwa, ukurasa wa hatua ya 5 na ya 6 umfikie fundi kabla hajanunua saruji. Mwambie atumie chokaa iliyozimwa na kukaa vya kutosha, mchanga ulio safi na chumvi, na mawe yaleyale yaliyoanguka. Yasipotosha, yachukuliwe mawe ya mwamba kutoka machimbo ya nchi kavu yenye ruhusa, si tumbawe hai kutoka baharini. Kiraka cha kwanza akifanye upande usioonekana sana, kikae msimu mmoja wa mvua, ndipo kazi iendelee kwingine.